"Imepanda kidogo tu": kauli inayowaponza wengi

Mama mmoja aliniwekea mezani karatasi tatu za maabara, kazitunza vizuri kwenye bahasha ya plastiki. Sukari ya damu kabla ya kula, kwa kipimo cha mmol/L: 6.2. Mwaka uliofuata, 6.6. Ya juzi, 7.4, nikairudia, ikatoka 7.5. Nikamuuliza, zile mbili za mwanzo uliambiwaje? "Niliambiwa imepanda kidogo tu, bado si kisukari." Akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Kauli hiyo nimeichoka. Kwamba si kisukari, ni kweli. Kwamba kwa hiyo uko salama, hapana. Kabla kipimo hakijasoma 6.2, misuli na ini vinakuwa vimeshakuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho linaloitengeneza limekuwa likijikamua miaka kadhaa kufidia. Muda wote huo namba hubaki nzuri. Inapoanza kupanda, ujue kongosho limeanza kuelemewa. Na moyo hausubiri ufike 7.0, pale kisukari kinapoanzia: hatari ya shambulio la moyo na kiharusi huongezeka tangu hatua hii, na wapo tunaowakuta mishipa ya fahamu ya miguu au macho yameshaguswa.

Kinachoniuma ni kwamba hapa ndipo mtu anaweza kugeuza njia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002 uliwafuatilia watu 3,234 wa aina hii kwa takriban miaka mitatu. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 hazifiki kilo sita. Watu wanakata tamaa wakidhani nawadai ishirini!

Ushauri wangu wa kila siku, na wagonjwa wangu wameshaukariri: ukimaliza kula, usikae. Tembea dakika kumi au kumi na tano. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi sawasawa.

"Sina dalili yoyote." Wengi hawana. Kiu na kukojoa mara kwa mara huja baadaye. Ila angalia shingo: ngozi iliyogeuka nyeusi na nene, laini kama mahameli, mara nyingi ni ishara ya usugu wa insulini. Watu huisugua kwa dodoki hadi inachubuka, wakidhani ni uchafu.

"Nimeacha sukari kwenye chai." Vizuri, lakini sahani bado imejaa wanga uliokobolewa, na glasi ya juisi iko pembeni.

"Mimi mwembamba." Mafuta yanaweza kujificha kwenye ini na tumboni. Kama kisukari kipo kwenye ukoo, au kiliwahi kukupata ukiwa mjamzito, pima, hata uwe mwembamba namna gani.

Yule mama tumemwanzishia dawa. Binti yake aliyemsindikiza alirudi kesho yake asubuhi bila kula, nikampima: 5.9. Nimemwandikia kilo za kupunguza na tarehe ya kurudi, miezi mitatu kuanzia sasa. Neno "kidogo" sikulitamka.