Dawa za kibofu baada ya kuumia uti wa mgongo

Kwa nini mkojo unanitoka ghafla, na bado naambiwa mwingine umebaki ndani?

Ujumbe kati ya ubongo na kibofu hupita kwenye uti wa mgongo. Njia hiyo ikikatika, kibofu hujikaza kikiwa na mkojo kidogo tu, huku misuli ya mlango wake ikibana badala ya kulegea. Presha ya ndani hupanda na mkojo unaweza kurudi hadi kwenye figo. Kuloana kunaudhi, lakini ninalohofia zaidi ni figo, kwa sababu huharibika bila kuuma.

Dawa husaidiaje?

Hutuliza misuli ya kibofu ili kijae polepole. Oksibutinini ni ya miaka mingi. Zipo pia tolterodini na solifenasini. Hukausha mdomo na kufunga choo, nalo tumbo lililojaa choo hukisumbua kibofu upya, kwa hiyo mwambie daktari mapema. Mwambie pia ikiwa una glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho). Mirabegroni, dawa ya aina nyingine, haikaushi mdomo sana, ila huweza kupandisha presha ya damu.

Nikimeza vidonge, naacha mpira wa kutolea mkojo?

Kwa wengi, hapana. Dawa hizi hufanya kibofu kishike mkojo zaidi, kwa hiyo lazima utolewe: kwa kawaida mara 4 hadi 6 kwa siku, usizidi mililita 500 kila mara. Wapo wanaokaa bila kunywa maji asubuhi nzima kwa kuogopa kuloana kwenye foleni ya Thika Road. Nawasihi waache. Mkojo mzito huchangia mawe na maambukizi. Toa mkojo kabla ya kupanda matatu, ubebe na mpira wa akiba.

Vidonge visipofaa?

Kuna sindano ya botulinamu (dawa inayolegeza misuli), yuniti 200, inayochomwa ndani ya misuli ya kibofu. Nguvu yake hudumu miezi kadhaa, kisha hurudiwa. Hospitali ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyo Hurlingham, Nairobi, au Hospitali ya Kenyatta, ni mahali pa kuuliza. Omba pia figo zipigwe picha ya ultrasaundi, hata kama huloani.

Kichwa kinagonga ghafla na jasho linanitoka usoni. Nimeze dawa ya maumivu?

Usikimbilie dawa. Ukiwa umeumia kwenye pingili ya 6 ya uti wa mgongo sehemu ya kifua, au juu yake, huenda kibofu kimejaa na presha ya damu imepanda vibaya. Kaa wima, legeza nguo, toa mkojo; kama una mpira wa kudumu, angalia usiwe umejikunja au kuziba. Usipopata nafuu mara moja, nenda hospitali: presha hiyo inaweza kuleta kiharusi.