Laptopu ya zamani na kioo cha nje: yanayosemwa na yaliyo kweli

Karani mmoja wa shule aliniletea laptopu yake, HP EliteBook 8460p, toleo la mwaka 2011, aliyoinunua ikiwa mtumba. Macho yalikuwa yanamuuma kwa kusoma alama za wanafunzi kwenye kioo kidogo, na kaka yake alikuwa amempa monita bapa ya inchi 22 yenye tundu moja tu la kupokelea picha, la aina ya HDMI. Mkobani alikuwa na adapta mbili zisizofanya kazi, na jibu alilopewa dukani: "Dada, mashine yako imezeeka, kioo hiki haikiwezi." Alikuwa amekwisha kuomba mkopo kwenye kikoba anunue laptopu nyingine. Iliniuma, kwa sababu laptopu ilikuwa nzima na monita ilikuwa nzima. Kilichomponza ni maneno, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki.

"Laptopu kongwe haiwezi kuendesha kioo kikubwa"

Kompyuta haijui inchi. Inachojua ni nukta, yale madoa madogo ya mwanga yanayounda picha: ngapi kwa upana, ngapi kwa kimo. Monita ya inchi 22 yenye nukta 1920 kwa 1080 na televisheni ya inchi 43 yenye nukta hizohizo ni mzigo uleule kwake.

Chukua ThinkPad T420, nayo ya mwaka 2011, ambayo bado inauzwa sana kwenye maduka ya mitumba. Kioo chake cha kawaida kina nukta 1366 kwa 768, basi mwenye nayo hudhani huo ndio mwisho wa uwezo wake. Sivyo. Kwa tundu la VGA, lile la zamani la pini 15, inafika 2048 kwa 1536, na kwa tundu la DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha linalofanana na HDMI, inafika 2560 kwa 1600. Monita nyingi za ofisini ziko chini ya hapo.

Mipaka ipo, na ni vizuri kuijua kabla ya kutoa pesa. Mashine za rika hilo kwa kawaida hazifiki 4K, yaani 3840 kwa 2160. Tena zile zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili zikitumia kadi ya picha ya Intel yenyewe huonyesha vioo viwili kwa wakati mmoja, na kioo cha laptopu kinahesabiwa. Ukichomeka monita mbili za nje, kioo chake lazima kizimwe. Vioo vitatu vilianza kuwezekana kwa kizazi cha tatu, mwaka 2012.

"Hili tundu ni HDMI iliyoharibika"

Hivi ndivyo karani alivyoamini. Waya wa HDMI ulikuwa hauingii, akadhani aliyeitumia kabla yake aliliumiza tundu. Lile halikuwa HDMI hata kidogo. Lilikuwa DisplayPort. Laptopu nyingi za kiofisi za miaka ile, hasa za HP na Lenovo, zilitoka kiwandani na VGA na DisplayPort bila HDMI. Tazama pembe: HDMI imebanwa pande zote mbili za chini, DisplayPort imekatwa pembe moja tu. Nyingine, kama ThinkPad T430, zina DisplayPort ndogo zaidi. Usilazimishe waya kuingia. Pini za ndani ni nyembamba na zikipinda ndipo tundu linapoharibika kweli.

"Adapta ni adapta, ilimradi inaingia huku na huku"

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

VGA ilitoka IBM mwaka 1987, enzi za vioo vya kichogo. Waya wake hubeba picha kwa mfumo wa analogi: nguvu ya umeme inapanda na kushuka kufuatana na wingi wa nyekundu, kijani na buluu katika kila nukta. HDMI, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2002, hubeba namba. Hizo ni lugha mbili tofauti, na waya mtupu haufasiri lugha. Lazima pawe na mkalimani katikati, yaani chipu inayogeuza, na chipu hiyo inataka umeme.

Ndiyo maana kigeuzi cha kutoa VGA kwenda HDMI huwa na mkia wa USB. Tundu la VGA halina umeme wa uhakika wa kukilisha, basi kinaomba kwa USB. Watu wanauacha mkia ukining'inia, picha haiji, wanakitupa. Kuna pia kebo zinazouzwa kwa bei ya chini mno zenye kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule, ndani hamna chipu yoyote. Hizo hazitatoa picha kwenye laptopu yako hata uzibembeleze.

Jambo la pili ni mwelekeo. Kigeuzi hufasiri upande mmoja. Kilichoandikwa HDMI kwenda VGA kinataka HDMI iwe upande wa laptopu na VGA iwe upande wa monita. Ukikigeuza hakifanyi kazi. Adapta zote mbili za karani zilikuwa za namna hiyo. Hazikuwa mbovu, zilitazama upande usio wake. Ukiwa dukani, usiseme "nataka ya VGA na HDMI." Sema: "Laptopu yangu inatoa VGA, monita inapokea HDMI."

DisplayPort ina nafuu yake. Matundu mengi ya aina hiyo kwenye laptopu yanaweza yenyewe kuzungumza lugha ya HDMI, kwa hiyo adapta ndogo ya bei rahisi inatosha. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi: kutoka HDMI ya laptopu kwenda monita ya DisplayPort kunahitaji kigeuzi chenye chipu na umeme. Na kama monita yako ina DVI, tundu jingine pana la picha, angalia pini nne zinazozunguka ule mpasuo mrefu wa pembeni. Zikiwa na nafasi zake, inapokea pia analogi, na adapta ya VGA isiyo na chipu itakufaa. Zisipokuwepo, ni dijitali tupu.

"Kebo ya VGA imevunjika pini"

Nimeona kebo nzima zikiwekwa kwenye takataka kwa sababu hii. Kichwa cha VGA kina nafasi 15, safu tatu za pini tano tano. Katika kebo nyingi pini ya nne ya safu ya kati, ile namba 9, haipo, na tangu mwanzo ilikusudiwa isiwepo. Pengo likiwa safi, bila kisiki cha chuma, kebo yako ni nzima.

Zinazouma zikikosekana ni namba 12 na 15, za safu ya mwisho. Kwa njia hizo monita hujitambulisha kwa kompyuta: mimi ni fulani, nukta zangu ni hizi. Kebo dhaifu huziacha ili kupunguza gharama. Picha itatokea, lakini kompyuta haijui imeunganishwa na nini, mara nyingi inabaki kwenye 1024 kwa 768, na lawama inabebeshwa laptopu kwa uzee wake.

"Picha ina ukungu kwa sababu ni VGA"

Mara nyingi chanzo ni mpangilio. Kioo bapa kina nukta zake za kudumu, haziongezeki wala hazipungui. Ukikipelekea idadi nyingine kinalazimika kukisia katikati, na herufi zinapoteza ncha. Monita zile za umbo la karibu mraba za inchi 17 na 19, ambazo ofisi nyingi zinaziuza kwa bei nafuu, kwa kawaida ni 1280 kwa 1024. Weka namba hiyo hasa. Kisha fungua ukurasa wenye maandishi mengi na ubonyeze kitufe cha monita cha kujirekebisha. Kwa VGA kioo hubidi kibahatishe kila nukta inaanzia wapi, na kitufe hicho hukipa nafasi ya kupima upya.

Kebo nayo ina neno. VGA ndefu na nyembamba huleta kivuli kandokando ya herufi, basi chagua nene yenye mafundo meusi karibu na vichwa. Kwa HDMI ni tofauti: namba zikifika, zimefika. Kebo iliyopakwa dhahabu haiongezi uzuri wowote wa picha.

"Ongeza hertz uokoe macho"

Hertz ni mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde moja. Ushauri huu ulikuwa sahihi kwa vioo vya kichogo, vilivyokuwa vinapepesa kwa hertz 60. Kioo bapa hakipepesi kwa namna ile. Ukikilazimisha 85, nyingi zitakuwa nyeusi na kukuandikia kwamba umevuka kiwango. Acha 60. Macho yanapata nafuu zaidi ukipunguza mwanga na kukiweka kioo umbali wa mkono.

"Hakuna sauti, basi kadi imeungua"

VGA haibebi sauti. Kwa HDMI kinyume hutokea: sauti huhamia kwenye monita, na huenda monita haina spika. Irudishe kwenye laptopu kupitia alama ya spika chini ya kioo.

"Laptopu iliyovunjika kioo ni ya kuuza kwa vipuri"

Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inamnyang'anya mtu chombo cha kazi. Kioo kikipasuka, prosesa na diski hazijaguswa. Chomeka monita, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, mkato uliopo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, uchague picha itokee kioo cha nje peke yake. Ukiwa huoni chochote, tumia vitufe vya mashine yenyewe: Fn na F7 kwa ThinkPad T420, Fn na F4 kwa EliteBook 8460p. Bonyeza, subiri sekunde kadhaa, bonyeza tena.

Ukitaka kufunga kifuniko, ingia kwanza kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale kinapofungwa. Na uigusie mkono baada ya saa moja ya kazi. Baadhi ya laptopu hupumulia pia kupitia kibodi. Ikiwa ya moto, acha kifuniko wazi kidogo.

Karani alitoka na adapta moja ya DisplayPort kwenda HDMI. Siku hizi majedwali ya alama yako kwenye monita, barua za wazazi ziko kwenye kioo kidogo, na jina lake kwenye orodha ya mkopo wa kikoba alilifuta mwenyewe.