Kuacha kuwasha si kupona

Kila wiki nasikia maneno yaleyale kutoka kwa wachezaji: "Daktari, ilishapona, lakini imerudi." Haikupona. Iliacha kuwasha tu. Natibu ngozi hapa Tanga, na nimechoka kuona mapaja ya vijana yakiharibiwa na fangasi, ugonjwa unaotibika.

Wanavyoamini ni hivi: fangasi ikikushika kinenani, unakwenda duka la dawa, unanunua ule mrija wa mchanganyiko, unapaka siku tatu, basi. Mrija ule mara nyingi una dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi ndiyo inayokata muwasho, tena upesi. Lakini inafanya hivyo kwa kuilaza kinga ya ngozi, na kinga ikilala fangasi inatambaa itakavyo.

Juzi alikuja kijana, winga wa mechi za ndondo. Alikuwa akipaka mrija huo tangu kabla ya Ramadhani, anaacha, anarudia. Fangasi ya kawaida hujichora duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamesafika. Yake haikuwa na ukingo tena. Baka lilikuwa limetoka kinenani likafika makalioni, na ngozi ya mapajani imeachia mistari kama tumbo la mama aliyejifungua. Mistari ile hufifia, haifutiki. Nilikwangua magamba kidogo, nikayatazama kwa hadubini: nyuzi za fangasi tele. "Lakini haliwashi, daktari." Mwanangu, halikuwashi kwa sababu umelifunga mdomo.

Dawa inayotakiwa ni ya fangasi peke yake. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, na ngozi ikionekana safi bado unaendelea wiki moja au mbili. Terbinafini humaliza mapema zaidi, mara nyingi wiki moja au mbili. Pakaa mpaka nje ya baka, upana wa vidole viwili. Na soma boksi kabla hujalipa; ukiona jina la steroidi, lirudishe. Aliyekwisha kupaka mchanganyiko kwa miezi aje hospitali, kwani akiacha muwasho unaweza kurudi kwa nguvu, na huenda akahitaji vidonge.

Halafu tazama katikati ya vidole vya miguu. Pakiwa peupe, pamelainika na panachanika, chanzo cha kinena chako huenda ni hapo: chupi hupita miguuni kwanza ikabeba fangasi kwenda juu. Tibu kote kwa pamoja. Na nawaambia wote, mpaka wengine wananicheka: vaa soksi kwanza, ndipo uvae chupi.

Maji ya bahari hayaui fangasi. Chumvi inakausha kidogo unahisi nafuu, kisha unatoka ufukweni Raskazone na bukta iliyolowa mpaka nyumbani. Joto na unyevu, fangasi haitaki zaidi ya hapo.

Utangotango si uchafu. Vimelea vyake vipo kwenye ngozi ya kila mtu. Jasho na mafuta ya mwili ndivyo vinavyovipa nafasi. Kujisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia kunakuchubua bure. Madoa yakibaki miezi kadhaa baada ya dawa usikate tamaa, rangi ya ngozi hurudi polepole.

Lengelenge la njumu mpya usilichune. Ngozi ile ndiyo bandeji yako. Dogo liache. Kubwa linalouma lioshe, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji, ilaze ngozi mahali pake, funika.

Makocha, hili ni lenu. Vizibao vya mazoezi hukunjwa vibichi Jumanne, vikatolewa mfukoni Alhamisi kuvaliwa na mtu mwingine. Vifuliwe kila baada ya mazoezi na vianikwe juani. Kila mchezaji aje na taulo lake na kandambili za bafuni. Mwenye jipu asikamuliwe uwanjani, wala asicheze likiwa linatoa usaha. Na jipu likiambatana na homa, au wekundu na uvimbe vikizidi kusambaa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.