Je, wajua kwa nini hoteli za Malindi hazina king'amuzi katika kila chumba?

Ukilala katika hoteli kubwa ya ufukweni Malindi, utakuta televisheni chumbani ina chaneli tele, lakini huoni king'amuzi chini yake wala dishi barazani. Mgeni huyu anatazama habari za Italia, jirani yake anatazama mpira wa Uingereza. Zinatoka wapi?

Zinatoka katika chumba kidogo chenye kiyoyozi, ambacho wageni hawakifikii. Humo mna fremu ya chuma yenye masanduku bapa, kila moja upana wake inchi 19 na kimo chake sentimita 4.4 hivi. Hizo ndizo risiva za kitaalamu.

Satelaiti hutuma chaneli kadhaa zikiwa zimesukwa pamoja katika wimbi moja. King'amuzi cha sebuleni huchomoa ile unayoitaka, huigeuza kuwa picha, na zilizobaki huziacha. Ni kama mtu aliyeshuka pwani kununua changu mmoja wa kitoweo. Risiva ya kitaalamu huchukua samaki wote wa mashua na kuwapakia kwenye matenga: chaneli zote za wimbi lile huingia kwenye waya wa mtandao, na kila televisheni chumbani hujichagulia yake. Zile zilizofungwa hufunguliwa na moduli yenye kadi, inayochomekwa kwenye risiva, na moduli moja huweza kufungua chaneli kadhaa kwa mpigo. Kadi hiyo ni ya usajili wa biashara. Ya nyumbani hairuhusiwi hapo.

Vituo vya televisheni navyo hutumia risiva za jinsi hii kupokea mechi moja kwa moja kutoka uwanjani. Huko mara nyingi hapana kadi: mwenye haki ya kuonyesha hupewa namba ya siri, fundi akaiingiza kwa mkono.

Lakini mimi naona thamani yake hasa siku ya mvua. Mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya masika huyanyonya. Zamani, enzi za analogia, picha ingeanza kuwa na chenga, nawe ukaendelea kutazama hivyohivyo. Dijitali haina hali ya katikati. Nilisimama mbele ya risiva moja mvua ikipiga mabati, macho kwenye namba ya desibeli, kipimo cha ubora wa wimbi linaloingia: 14, kisha 11, kisha 9, na picha bado safi kabisa. Ilipopita 8 kwenda chini, uso wa mtangazaji ukakatika vipande vya mraba, kisha giza. Mtu wa chumbani huona giza tu. Fundi alikuwa ameiona ile namba ikishuka dakika kadhaa kabla, kwa kuwa risiva humtumia onyo, na ikiwa imeunganishwa na dishi la pili huhamia huko yenyewe. Nyingi zina pia pawa saplai mbili, moja ikifa nyingine inaendelea.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Satelaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, nayo Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. (Ikweta hiyohiyo iliwaleta Waitalia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kurusha roketi; satelaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970.) Kwa satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, dishi kubwa la duara hapa hulala chali kama sinia, likitazama karibu utosini. Mvua hujaa ndani, majani ya mkungu yakaziba tundu la kutolea maji, na chumvi ya bahari ikala viungo vya waya. Kabla ya masika fundi hupanda darini na kijiti cha kuzibulia tundu, kitambaa, na viungo vipya mfukoni. Akishuka, jambo la kwanza ni kwenda kuitazama ile namba.