Shingo ikikaza, usingoje fizio akufinye tu

Mtu akiingia kliniki ya fizio, yaani tiba ya misuli na viungo, hapa Kisumu akawa anageuza mwili wote ndio akuangalie, najua ni shingo hata kabla hajakaa. Wengi watakwambia "daktari, nililala vibaya tu". Ukiuliza polepole unakuta ni fundi anayeshinda ameinamia cherehani pale soko la Kibuye, ama ni wa boda aliyeanza kazi saa kumi na moja asubuhi, na usiku bado yuko kwa simu, kidevu kimegusa kifua.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 hivi, na kinakaa juu ya mifupa 7 midogo. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ndio inakishikilia kisianguke, siku nzima, mpaka inachoka na kukaza. Ndio maana uchungu mwingi wa shingo si ati mfupa umehama. Watu wanapenda sana eksirei lakini mara nyingi haibadilishi matibabu, na ukishapita miaka 40 hizo alama za mifupa kulika huonekana hata kwa watu wasiosikia uchungu wowote.

Sasa kwa kitanda cha fizio nitakufinya misuli, nisukume viungo vya shingo na mgongo wa juu polepole, na unaweza kutoka hapo unageuka vizuri, umefurahi, hurudi tena mpaka ikaze upya. Hapo ndio tunakosana. Mikono yangu inapunguza uchungu kwa muda ili uweze kufanya mazoezi, na hata mwongozo wa wafizio wa Marekani wa 2017 unapendekeza hivyo viwili viende pamoja.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jim. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa harufu mbaya, bila kuinua uso, hesabu mpaka 5, achilia, rudia mara 10. Halafu weka kiganja kwa paji la uso, kichwa kisukume kiganja na kiganja kikatae, kisiende popote, kisha fanya hivyo pande zote. Malizia kwa kuvuta mabega nyuma yakaribiane. Kusikia misuli ikivuta ni sawa, lakini kama uchungu unashuka mkononi, wacha kwanza. Fanya kila siku, na upe wiki 6 kabla useme haifanyi kazi. Wengi wanaacha siku ya tatu, halafu lawama ni za fizio.

Na kinyozi, tafadhali. Akimaliza kukunyoa akushike kichwa akizungushe ghafla ilie kwaa, mwambie asante imetosha. Kuna mishipa ya damu inapita ndani ya hiyo mifupa ya shingo kuelekea ubongo, ikichanika unaweza kupata kiharusi. Si jambo la kila siku, lakini yeye hana njia ya kujua nani yuko kwa hatari.

Kuna watu hawafai kuanzia kwa mazoezi. Kama uliumia kwa ajali ya boda, kama mikono imekufa ganzi ama haina nguvu, miguu inayumba, mkojo unakutoka bila kujua, ama una homa na shingo imekakamaa, nenda hospitali leo, tena usikubali yeyote akuguse shingo kabla ya daktari kukupima.