Geji ya reli ni nini, na hiyo milimita 1,435 ilitoka wapi

Geji ni upana wa njia ya reli. Inapimwa kuanzia ubavu wa ndani wa chuma cha kushoto mpaka ubavu wa ndani wa chuma cha kulia, sio katikati kwa katikati na wala sio urefu wa taruma (zile zinazolazwa chini ya vyuma) kama wengi wanavyodhani. Kwa nini kwa ndani? Sababu gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka upande wa ndani wa chuma, na huo ukingo ndo unazuia treni isitoke njiani. Halafu magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, hayasogei kushoto wala kulia, kwa hiyo behewa la geji hii halipiti kwenye geji ile hata kama tofauti yenyewe ni sentimita chache tu.

Sasa hiyo 1,435 ambayo leo inaitwa standadi haikutoka kwenye hesabu za mtaalamu yeyote. Kaskazini mashariki mwa Uingereza kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe, na huko migodini mabehewa yalikuwa yanavutwa na farasi juu ya reli tangu kabla ya injini ya mvuke. Mgodi wa Killingworth reli zake zilikuwa na upana wa kama futi 4 na inchi 8, na fundi wa mashine pale alikuwa George Stephenson, akaanza kuunda vichwa vya treni mwaka 1814 vya kutembea kwenye reli hizohizo alizozikuta. Alipopewa kazi ya reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa 1825 akaenda na upana uleule, na ya Liverpool na Manchester ya 1830 hivyohivyo, baadae ikaongezwa nusu inchi ili magurudumu yapate nafasi kidogo ya kucheza. Futi 4 na inchi 8 na nusu, ndo 1,435 yetu. Kile kiwanda cha Newcastle alichokuwa nacho na mwanae Robert kikawa kinauza vichwa hadi nje ya nchi, na ukinunua kichwa maana yake umenunua na geji yake. (Ile stori inayozunguka mitandaoni kwamba ni kipimo cha magari ya farasi ya Warumi, muishushe kidogo, hamna ushahidi wa kuunganisha moja kwa moja.)

Akatokea mtu aliyekataa kufuata mkumbo, Isambard Kingdom Brunel, injinia wa reli ya Great Western kutoka London kwenda Bristol. Yeye akasema mnajibana bure, njia ikiwa pana treni inatulia na inakimbia zaidi, akaweka futi 7 na robo inchi, yaani milimita 2,140. Na alikuwa sahihi kabisa, treni zake zilikuwa na mbio kuliko za wenzake.

Shida ikaja pale reli mbili zilipokutana. Mwaka 1844 geji pana na geji nyembamba zikagusana mji wa Gloucester, na hapo ndo watu wakaelewa maana ya kukatika kwa geji, maana kila abiria anashuka na mizigo yake na watoto wake anahamia treni nyingine, na kila kilichomo kwenye behewa la mizigo kinatolewa kwa mkono na kupakiwa upya, makaa ya mawe, matofali, vyombo vya ndani, vingine vinavunjika na vingine vinapotea, na wachukuzi wanalipwa kwa kazi ambayo haikutakiwa kuwepo.

Serikali ikaunda tume 1845. Kwenye majaribio ya mwendo geji ya Brunel ikashinda, ila tume ikapendekeza ya Stephenson, kwa sababu ilikuwa imeshatandazwa kama maili 1,900 na ya Brunel hazifiki 300, na kuhamisha chache ni rahisi kuliko kuhamisha nyingi. Sheria ikapita 1846. Great Western wenyewe waling'ang'ania, sehemu nyingine wakaongeza chuma cha tatu ili treni za aina zote mbili zipite, mpaka Mei 1892 ndo kipande cha mwisho kikabadilishwa wikendi moja na mafundi zaidi ya 4,000. Kwangu mimi hili ndo la kushika kuhusu geji, anayeshinda sio aliye bora, ni aliyewahi kutandaza reli nyingi.

Huku kwetu Wajerumani walianza reli ya Tanga 1893 na Waingereza ya Mombasa 1896, wote kwa geji ya mita, 1,000. Waingereza walikuwa na mabehewa na mafundi wa geji hiyo India. Kwa kuwa zilifanana, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweza kuziunganisha kutokea Voi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikaja na 1,067 ili iungane na reli za kusini mwa Afrika, ndo maana Kidatu, inapokutana na reli ya geji ya mita, mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Na SGR, yaani Standard Gauge Railway, reli ya geji ya standadi? Herufi hizo zinakuambia 1,435 tu. Ya Kenya inavutwa na dizeli, ya Tanzania inatumia umeme, geji ileile. Mwendo mkubwa unatokana na njia kunyooka, kona kuwa pana, uzito wa chuma na mfumo wa ishara.