Mashine haimfukuzi mtu, inaziba nafasi: akili unde na ajira za ofisini

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuhamishia humo hesabu za Serikali lilileta vurugu na hasara, wakubwa wakaona heri kurudi kwenye vitabu na kalamu. Marufuku ile ililegezwa baadaye. Miaka ya 1980 kompyuta zilianza kurudi, na zilipoenea maofisini mpiga chapa akawa katibu muhtasi, karani wa masjala akajifunza kuingiza majalada kwenye mfumo, na mhasibu aliyekuwa akijumlisha safu kwa mkono akahamia kwenye Excel. Wengi waliopunguzwa serikalini miaka ya 1990 waliondolewa na mageuzi ya uchumi, si na kompyuta.

Kwa historia hiyo, watu wengi wa ofisini hujifariji leo wakisikia habari za akili unde, yaani AI. Katika semina tunazowaendeshea wafanyakazi kuhusu haki na ajira, hakosekani wa kusema: “Kompyuta ilikuja tukabaki, na hii nayo itatukuta palepale.” Mara nyingi anayesema hivyo ana miaka 15 au 20 kazini. Kwa upande wake huenda yuko sahihi. Mwenye sababu ya kuhofu hayumo ukumbini, kwa kuwa hajaajiriwa bado.

Tuanze na kinachofanyika kwenye mashine yenyewe. Kompyuta ya zamani ilihitaji kupewa kanuni: chukua safu hii, zidisha na ile, chapisha jibu. Kazi isiyo na kanuni, kama kusoma jalada lenye barua nyingi na kueleza mgogoro umeanzia wapi, ilibaki kwa binadamu. Mifumo iliyozua mjadala wa sasa, hasa tangu ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, imefunzwa kwa maandishi mengi mno hadi inaweza kukisia neno gani lifuate neno gani. Kwa njia hiyo inaandika barua, inafupisha ripoti, inajibu malalamiko ya mteja na kugeuza mazungumzo ya kikao kuwa muhtasari. Haiijui ofisi yako wala haimjui bosi wako. Ila sehemu kubwa ya kazi ya ofisini ni maneno na namba, na hapo ndipo ilipopata mlango.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilichapisha uchambuzi wake Agosti 2023 kwa kuangalia majukumu yaliyomo ndani ya kila kazi badala ya vyeo. Kada ya ukarani ilijitenga na nyingine zote. Asilimia 24 ya majukumu yake yalionekana kufikiwa kwa kiwango kikubwa na teknolojia hii, yaani inaweza kuyafanya au kuyasaidia, na asilimia 58 nyingine kwa kiwango cha kati. Katika makundi mengine ya kazi, sehemu inayofikiwa kwa kiwango kikubwa haikuzidi asilimia 4. Wanawake wako kwenye hatari zaidi kuliko wanaume, na sababu haihitaji utafiti wa mbali: ingia ofisi yoyote ya Dar es Salaam, Dodoma au Mombasa uangalie nani amekaa mapokezi na nani anapiga chapa.

Mtu akisoma takwimu kama hizo anaona ofisi tupu. Haiko hivyo. Mchukue afisa utumishi wa kampuni ya kawaida. Asubuhi anapitia maombi ya likizo, anaandaa barua za kuthibitishwa kazini, anakusanya taarifa za mahudhurio; mchana anakaa na dereva aliyegombana na msimamizi wake na kujaribu kuwapatanisha kabla mambo hayajafika mbali. Kazi za asubuhi mashine inaziweza, au karibu inaziweza. Ile ya mchana haiiwezi. Cheo cha afisa utumishi, basi, hakifutiki. Kinachobadilika ni kwamba kazi ya watu watatu inafanywa na wawili, na yule wa tatu hakabidhiwi barua. Anastaafu, anahama au anapata kazi kwingine, na kiti chake hakitangazwi tena.

Mei 2023 mkuu wa kampuni ya teknolojia ya IBM, Arvind Krishna, alilisema jambo hili waziwazi. Kampuni yake ilikuwa na watu wapatao 26,000 katika kazi zisizomhudumia mteja moja kwa moja, na alikadiria kwamba asilimia 30 ya kazi hizo zingeweza kuchukuliwa na akili unde na mifumo ya kujiendesha ndani ya miaka mitano. Hatua aliyoitangaza haikuwa kufukuza watu, bali kupunguza au kusitisha kuajiri wapya katika nafasi hizo. Vyombo vya habari viliandika habari ya kufukuzwa kazi, kwa sababu ndiyo inayosomwa.

Dalili za mtindo huo zimeanza kuonekana kwenye hesabu. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia kumbukumbu za mishahara za ADP, kampuni ya Marekani inayowaandalia waajiri malipo ya wafanyakazi wao. Katika kazi zinazofikiwa zaidi na akili unde, zikiwamo uandishi wa programu na huduma kwa wateja, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 13 tangu mwisho wa 2022 ukilinganisha na kazi nyingine. Wenye umri mkubwa katika kazi hizohizo hawakuguswa, na kwingine waliongezeka. Wapo wachumi wanaosema riba kubwa na ajira za pupa za wakati wa Uviko nazo zina mkono, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo riba haichagui umri namna hiyo.

Kwa nini kijana? Kwa sababu kazi anazopewa mgeni ofisini ndizo hasa zinazofanywa vizuri na mashine: rasimu ya kwanza, muhtasari wa kikao, kulinganisha hesabu za benki na daftari, kupanga ankara kwa tarehe, kujibu barua pepe zinazofanana. Hakuna mkuu wa idara aliyewahi kumwajiri mhitimu kwa kupenda mihtasari yake. Alimpa muhtasari kwa kuwa ni kazi inayovumilia makosa, na kwa kuandika mihtasari kijana alijifunza nani huamua nini, lugha gani hutumika kukataa bila kuudhi, na bajeti hukatwa wapi. Ukiondoa kazi hizo umeokoa mshahara wa mtu mmoja, lakini umeondoa ngazi ya chini, na ngazi ya juu watu hawaruki kuifikia. Waajiri wachache sana niliozungumza nao wamejiuliza meneja wao wa mwaka 2040 atajifunzia wapi.

Ajabu ni kwamba chombo hikihiki humfaa sana mgeni aliyekwisha kuingia. Utafiti mwingine wa Marekani ulifuatilia watoa huduma kwa wateja 5,179 waliopewa msaidizi wa akili unde. Kwa wastani tija ilipanda kwa asilimia 14. Kwa wale wapya na wasio na ujuzi mkubwa ilipanda kwa asilimia 34, ilhali wazoefu hawakuongeza kitu cha maana. Msaidizi yule aliwapa wapya maneno ambayo wazoefu walikuwa wameyapata kwa miaka. Teknolojia moja inamwinua kijana aliye ndani na kumfungia aliye nje, na anayeamua itumike vipi ni mwajiri.

Waajiri nao wamejifunza kwa gharama. Februari 2024 kampuni ya malipo ya Klarna ya Uswidi ilijigamba kwamba ndani ya mwezi mmoja msaidizi wake wa akili unde alishughulikia mazungumzo milioni 2.3, sawa na kazi ya watumishi 700. Mwaka 2025 mkuu wake huyohuyo alikiri kwamba ubora ulishuka, na kampuni ikarudi kutafuta binadamu wa kuzungumza na wateja. Huko New York, mwaka 2023, mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Nchini Kanada, Februari 2024, baraza la usuluhishi liliamuru shirika la ndege la Air Canada kumlipa abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi na mfumo wa kujibu maswali kwenye tovuti yake. Shirika lilijaribu kudai kwamba mfumo ule unajitegemea na unawajibika wenyewe kwa uliyoyasema. Baraza halikukubali.

Kesi hizi zinaonyesha thamani ya mtu wa ofisini inakohamia. Mashine haiweki sahihi. Vocha ya malipo, hesabu zilizokaguliwa, barua ya kumwachisha mtu kazi, ripoti ya kitaalamu: yote hayo yanahitaji mtu atakayesimama na kujibu mambo yakiharibika. Kwa Kiswahili uangalizi unahitajika zaidi, kwa kuwa mifumo hii imefunzwa kwa sehemu kubwa na maandishi ya Kiingereza.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 60 ya ajira katika nchi tajiri zinafikiwa na akili unde, na asilimia 26 katika nchi za kipato cha chini. Wapo waliopumua kusikia hivyo. Sisi tuko chini kwa sababu watu wetu wengi wako shambani, sokoni na kwenye bodaboda. Nafasi za ofisini ni chache, na familia nyingi zimeuza shamba au ng’ombe ili mtoto mmoja aipate moja. Asilimia ndogo ya kitu adimu si faraja.

Kenya imeshaonja. Nairobi kulikuwa na vijana wengi waliosoma vizuri wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya ng’ambo. Maadili ya kazi ile tuyaache kando, lakini ililipa kodi za nyumba. ChatGPT ilipofika oda zilipungua, na hakuna aliyepewa notisi, kwani hakuna aliyekuwa na mkataba. Katika jiji hilohilo, kupitia kampuni ya Sama, wengine walikuwa wakisoma na kuweka alama maandishi machafu ili mifumo ya OpenAI ijifunze kuyakwepa. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hiyo anayeahidi kwamba teknolojia italeta kazi mpya aulizwe pia ni kazi za namna gani.

Kwa aliye ndani ya ajira, sheria ipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakubali mahitaji ya uendeshaji kuwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, na sababu za kiteknolojia zimetajwa humo waziwazi. Mwajiri akisema “tumenunua mfumo” hajavunja sheria kwa kusema hivyo. Atakachopimwa nacho ni utaratibu. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu, aweke mezani taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasiowakilishwa na chama. Mashauriano hayo yahusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda na malipo. Mkishindwa kukubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi. Nasisitiza neno “kufikiria”, maana tumeona mihtasari ya mashauriano yenye tarehe moja na barua za kuachishwa. Hayo si mashauriano.

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Aliyetumikia miaka 14 atahesabiwa siku 70, si 98, isipokuwa mkataba wake au wa chama uwe umempa zaidi. Kenya ni siku 15 kwa kila mwaka. Asiyeridhika na kuachishwa ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakisubiri mwajiri “awaite waongee”. Watumishi wa umma wana utaratibu wao wa rufaa na waupitie huo kwanza.

Sasa angalia sheria hiyohiyo inapoishia. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho, kwa kawaida unakufa wenyewe. Na nafasi isiyotangazwa haina kifungu chochote, kwa sababu hakuna aliyedhulumiwa anayeweza kujaza fomu. Hapo sheria ya kazi haitoshi. Inabaki sera ya mafunzo na mazungumzo ya vyama vya wafanyakazi, ambavyo hadi sasa hujadili zaidi mishahara ya wanachama waliopo. Chama kinachokwenda kwenye majadiliano mwaka huu kinaweza kudai jambo moja rahisi: ofisi inayoleta mfumo wa akili unde ibakize idadi fulani ya nafasi za wanaoanza, na rasimu za mashine zipitiwe nao chini ya msimamizi.

Kwa mhitimu anayetafuta pa kuanzia, kujua kuamrisha mfumo peke yake hakutamtofautisha na wenzake. Ndani ya miaka michache kila mtu atajua. Atafute kazi inayomkutanisha na watu, fedha au uamuzi: kukusanya madeni, kushughulikia mteja aliyekasirika, kukagua stoo, kufuatilia kibali mpaka kitoke. Ajizoeze kukosoa maandishi ya mashine kwa kuyarudisha kwenye nyaraka halisi, sheria, risiti au jalada. Na asibandike orodha ya wateja au mishahara kwenye mfumo wa bure wa mtandaoni ili imrahisishie kazi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana yeye pamoja na mwajiri wake.

Akiitwa kwenye utarajali, kabla ya kuuliza posho aulize maswali mawili: nani atasoma kazi yangu na kunirudishia na masahihisho, na je, nitaruhusiwa kuingia vikaoni? Mahali ambapo jibu la yote mawili ni “mfumo utakusaidia”, atafute kwingine akiwa bado ana nguvu za kutafuta.